Jicho Lililozoea

Mama mkubwa alipofika Nyarugusu kutoka Uvira, alikaa kwetu siku mbili tu, kisha akaniuliza: "Weye hauone huyu mtoto anavyoisha?"

Alikuwa anamwonyesha mtoto wa jirani, wa miaka miwili, anayecheza mlangoni petu kila asubuhi. Kusema kweli nilikuwa namwangalia kila siku. Ila sikuwa nimeona kitu.

Nafundisha biolojia sekondari, kwa hiyo swali lile lilinikaa. Jicho halipimi mwanga kama mizani. Ukitoka ndani ya nyumba yenye giza, jua linakupiga. Baada ya muda kidogo unaona kawaida. Jua halijapungua. Chembe za jicho ndizo zimehamisha kipimo: zinachukua wastani wa mwanga uliopo, kisha zinatoa taarifa ya kilichozidi au kupungua hapo.

Mwaka 1981 mtafiti Simon Laughlin alilinganisha tofauti za mwanga na kivuli alizozipima porini na kando ya ziwa, na jinsi chembe za jicho la nzi zinavyojibu. Akakuta vinaendana: chembe imetenga sehemu kubwa ya uwezo wake kwa tofauti zinazotokea mara nyingi, na zile za nadra imezibana pembeni. Si ujinga. Neva ina nafasi ndogo, haiwezi kusema yote.

Sasa mimi si nzi, na kumtazama mtoto si sawa na kutazama kivuli. Lakini wastani wangu nao ulikuwa umehama. Tangu mgao upungue, watoto wengi wa mtaa wetu walikuwa wamekonda, na yule alifanana na wenzake. Mama mkubwa alikuja na wastani mwingine.

Tukamwambia mama yake, tukaenda naye zahanati. Mhudumu alimzungushia mtoto mkononi ule utepe wa rangi tatu. Ukasimama kwenye nyekundu, chini ya sentimita 11.5. Akaanzishiwa chakula cha tiba, na sasa ameanza tena kukimbiza kuku wetu.

Utepe hauzoei, ndiyo faida yake. Sisi tunazoea, wakaaji pamoja na nyie wa mashirika mliokaa hapa miaka. Basi tusitegemee macho tu, tupime. Na mgeni akishangaa jambo, tusimwambie "utazoea." Kwanza tuangalie anakoonyesha.