Mzee aliyepanda msitu kwenye ardhi iliyokufa

 

Mabiharusi wanapokuja kupimwa nguo hapa kwetu, mazungumzo hayakosi kufika kwa bwana harusi. Ana kazi gani, ana nyumba au atapanga, mahari kaleta kiasi gani. Ni maswali ya haki na kila mzazi huyauliza. Ila kuna swali moja hatulisikii sana: mtu huyu riziki ikimkauka, hufanya nini? Leo tunataka kuwahadithia mja mmoja ambaye maisha yake yalikuwa jibu la swali hilo. Alikuwa mkulima wa Burkina Faso, jina lake Yacouba Sawadogo.

Alizaliwa mwaka 1946 katika kijiji cha Gourga, karibu na mji wa Ouahigouya, kaskazini mwa nchi ile. Udogoni alipelekwa chuoni Mali kusoma Qur'ani. Masomo yalimuwia mazito kuliko wenziwe, na aliporudi kwao hakurudi na elimu kubwa ya vitabu. Alirudi na dini yake, na hiyo hakuiacha mpaka mwisho. Akaingia sokoni Ouahigouya kufanya biashara, na ikamwendea vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja ukame mkali. Mvua zikakata, ardhi ikawa ngumu kama sakafu, watu wakahama vijiji kwenda kutafuta maisha pengine. Yeye akafanya kinyume chao. Aliacha biashara yake, akachukua familia yake, akarudi kijijini kulima.

Wazee wa kule walikuwa na desturi ya kuchimba vishimo vidogo vinavyoitwa zaï, ili maji ya mvua yasipite juu kwa juu yakapotea. Mzee Yacouba alivichimba vikubwa na vya kina zaidi, akatia ndani samadi na majani makavu. Samadi ikawavuta mchwa, na mchwa wakatoboa njia ndani ya ile ardhi ngumu. Mvua ilipokuja, hata kama kidogo, maji yakazama chini badala ya kukimbia. Alipanga pia mistari ya mawe shambani ili kuyapunguza kasi maji. Vitu vyote hivi havikununuliwa dukani. Ni jembe, jasho na subira.

Kilichowaudhi watu ni kuwa alikuwa akichimba wakati wa kiangazi, juani, kabla ya mvua. Kwa mila yao, shamba hushikwa mvua ikishanyesha. Wakasema amerukwa na akili. Wapo waliofika hadi ya kumtilia moto. Akaanza tena. Hakugombana na mtu, na wala hakuacha kazi.

Msimu ulipofika, uwele na mtama wake ukasimama pale ambapo mashamba ya wengine yalikuwa vumbi. Halafu akaona jambo jengine. Ndani ya samadi mlikuwamo mbegu za miti, na zikaota pamoja na nafaka. Mwengine angeing'oa miche ile akaona ni magugu. Yeye akaitunza, akaongeza mengine kwa mkono wake, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukawa msitu mkubwa wenye aina zaidi ya 60 za miti na vichaka. Ndege na wanyama wakarejea. Wagonjwa wakawa wanakuja kutafuta dawa za miti shamba.

Na hakuficha alichokijua. Kuanzia mwaka 1984 alikuwa akiwaita wakulima wa vijiji vya mbali waje shambani kwake kubadilishana mbegu na kufundishana. Sisi wenye biashara tunajua jaribu lililopo hapa. Fundi akipata mshono mzuri wa gauni huufungia ndani, anaogopa wenziwe wasimchukulie wateja. Mzee huyu aliwafundisha hata wale waliomcheka.

Dunia ikaja kumjua baadaye. Mwaka 2010 ilitoka filamu juu yake, mwaka 2018 akapewa tuzo ya Right Livelihood huko Sweden, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ukamtaja miongoni mwa mabingwa wa mazingira. Lakini msidhani mitihani ilikwisha. Mji wa Ouahigouya ulipokua, ardhi yake ilipimwa viwanja, na nyumba zikaanza kujengwa ndani ya msitu alioulea kwa miaka mingi. Kisheria ardhi haikuwa yake, na bei aliyotakiwa kuinunulia ilimshinda. Hebu fikirini uchungu wake. Hata hivyo aliendelea kupanda. Alifariki tarehe 3 Disemba 2023, akiwa na miaka 77. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, kwake ni sadaka. Ametufundisha pia kuwa mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema wa kumuombea. Mzee huyu ameacha miti, ameacha elimu, na ameacha watoto aliowalea katika kazi ile. Tunamuombea Mola amkubalie.

Sasa turudi kwetu. Biharusi, kikuba unachovaa cha asumini, mkilua na mrehani kimetoka kwenye mti uliopandwa na mtu. Karafuu zilizosomesha watu wengi Pemba zimechumwa kwenye mikarafuu ya mababu. Tunakula vya waliotangulia kila siku, basi na sisi tuwaachie watakaokuja. Ukiingia nyumba mpya, panda mche mmoja kwa nia ya sadaka, mdimu, mwembe au hata asumini mlangoni. Wenye nyumba ya kupanga, hata kopo la mrehani.

Na ndoa nayo ina kiangazi chake. Sisi tulipomaliza skuli na kozi ya ushoni tulianza na cherehani moja barazani, na miezi mengine hakuingia mteja hata mmoja. Tukawa tunakata na kushona vya akiba, ili Rajabu na Shaabani harusi zinapoanza, tuwe na kitu mkononi. Kuchimba kabla ya mvua ndiko huko. Jifunze kazi mapema, weka akiba ndogo, zoea kusema na mumeo kwa upole mambo yakiwa mazuri, ili yakiwa magumu njia iwe imeshachimbwa.

Basi mnapomuuliza bwana harusi ana nini, muulizeni na hilo la kiangazi. Na kila mmoja wetu ajiulize mwenyewe kwanza, kwani nyumba hailimwi na mtu mmoja.

Mwenyezi Mungu (S.W.) azitie baraka ndoa zenu na kazi za mikono yenu. Amin.