Haki ya Mtoto Haimalizwi Barazani

 

Liko neno ambalo katika mitaa yetu hutamkwa kwa upole, nalo huweza kubeba madhara makubwa: "Tuyamalize nyumbani." Ni neno zuri pale ndugu wawili wanapogombania mpaka wa shamba, au mume na mke wanapokosana juu ya matumizi. Suluhu ya namna hiyo dini yetu imeisifu. Lakini neno hilohilo husemwa pia pale mtoto anapoharibiwa na mtu mzima, na hapo huwa si suluhu tena, huwa ni pazia. Wiki hii twataka kuzungumza na wasomaji wetu, hasa kina mama, juu ya mtumishi wa umma ambaye wengi wetu hatumjui ila kwa kumwogopa: kiongozi wa mashtaka.

Haya tumeyafikiri zaidi tangu safari yetu ya Mbumbuni, katika vilima vya Mbooni, Kaunti ya Makueni, tulikoalikwa na jamaa wachache wa Kiislamu waishio huko. Baada ya darsa ya alasiri, mama mmoja mjane aliomba ushauri. Binti yake wa miaka 13 alikuwa amedhulumiwa na jirani mwenye umri wa kumzaa. Mama aliripoti, na mtu yule akafikishwa mahakamani. Kisha wazee wa pande mbili wakakutana, wakapanga mbuzi na fedha za karo, wakamtaka mama aiondoe kesi ili ujirani usivunjike. Alipokwenda kusema kuwa amesamehe, kiongozi wa mashtaka alimjibu kwa upole: "Mama, kesi hii si yako peke yako. Wewe ni shahidi. Mshtaki ni Jamhuri." Swali lake kwetu lilikuwa hili: "Sheikh, je, mtu huyu hakuninyang'anya haki yangu ya kusamehe?"

Swali hilo lastahiki majibu mawili, la sheria na la dini.

Kwa sheria ya Kenya, kesi za jinai huandikwa kwa jina la Jamhuri, kwa kuwa jinai huhesabiwa kuwa dhuluma kwa umma mzima. Kwa miaka mingi maafisa wa polisi ndio walioendesha mashtaka mengi mbele ya mahakimu. Aliyekamata na aliyeshtaki walitoka nyumba moja. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 157, iliikabidhi kazi hiyo ofisi huru ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mkurugenzi haombi idhini ya mtu yeyote ili kushtaki, na hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 nayo imeweka uamuzi wa kusimamisha kesi za aina hii mikononi mwa Mkurugenzi huyo. Mzazi hana mamlaka hayo, wala chifu, wala mzee wa mtaa, wala afisa wa kituo. Na adhabu yake si ndogo: mtoto akiwa na miaka 11 au chini, ni kifungo cha maisha, akiwa na miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20.

Kwa upande wa dini, tulimkumbusha kisa cha Safwan bin Umayya, radhi za Allah zimshukie. Mtu alimwibia nguo yake, naye akampeleka mwizi kwa Mtume, rehema na amani zimfikie. Hukumu ilipotoka, Safwan akaona huruma na kutaka kusamehe. Mtume akamuuliza mbona hakufanya hivyo kabla ya kumleta kwake. Maulamaa wamefahamu hapo kwamba jambo likishafika kwa mwenye mamlaka, limekuwa la watu wote. Tena nguo ile ilikuwa mali ya Safwan mwenyewe. Mwili wa mtoto si mali ya mama yake, wala ya wazee wa ukoo. Ni nani basi aliyewapa idhini ya kuusamehea? Na mbuzi wale wangeliwa na nani?

Huenda msomaji akasema kwamba mahakama zenyewe zimewahi kukubali suluhu. Ni kweli. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili za Kiislamu kulipana ngamia na mbuzi. Majaji wengine baadaye wamelikataa ombi la namna hiyo. Lakini kumbukeni kuwa katika mauaji sheria yetu inawatambua warithi wa aliyeuawa, nayo imewapa haki ya kusamehe au kupokea dia. Mtoto aliyedhulumiwa yu hai. Mwenye haki ni yeye, na bado hajafikia umri wa kuisamehe.

Wako pia wanaotuletea mashauri haya sisi masheikh, au kwa Kadhi. Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, husikiza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Jinai haimo. Sheikh atakayekaa kitako kuipatanisha atakuwa amemsaidia dhalimu kujificha.

Kiongozi wa mashtaka hulinda kwa njia ambazo hazionekani mtaani. Huweza kupinga dhamana, au kuomba masharti, ikiwa mshtakiwa anawatisha mashahidi. Huweza kuomba mtoto atoe ushahidi nyuma ya pazia, au kupitia msimamizi atakayemsemea. Na mtoto aliyedhulumiwa akiwa shahidi pekee, sheria yamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto huyo, akiridhika kuwa asema kweli na kuziandika sababu zake. Mama wa Mbumbuni hakulipa wakili. Upande wa mashtaka ulimsimamia bila malipo.

Wala hatumsifu kiongozi wa mashtaka kwa kufunga watu tu. Ofisi yake imeamrishwa kuzuia sheria isitumiwe vibaya. Sisi wa Pwani, ambao tumewaona vijana wetu wakikamatwa kwa makundi, twajua thamani ya mtu asiye polisi kulisoma faili na kuuliza: ushahidi uko wapi?

Lakini ofisi hiyo haina uwezo bila sisi. Kesi nyingi hufa kwa sababu shahidi alisafirishwa kwa jamaa, au mama alinyamaza siku ya kusikizwa. Basi mtoto akidhulumiwa, mfikisheni hospitali kabla ya saa 72 kwisha, na mapema zaidi ni bora. Msimuogeshe kwanza, nguo zake zitieni kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Ripotini kituoni, mwandikiwe nambari ya OB, na mchukue fomu ya P3. Simu 116 ni ya watoto, na 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, zote hazilipiwi. Faili likikwama kituoni, nendeni ofisi ya mashtaka iliyo karibu, kwa kuwa Mkurugenzi ana uwezo wa kuamuru uchunguzi ufanywe.

Surat An-Nisaa, aya ya 135, yatuamrisha kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Allah, hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Jirani hakutajwa, lakini yumo. Mama yule alituaga akisema atakwenda Tawa, ambako mahakama hukaa, siku aliyopangiwa. Twawaomba wasomaji wetu mumuombee yeye na binti yake, na tumuombe Allah atujaalie tuwe majirani ambao mtoto hahitaji kulindwa nao. Amin.