Kanisani tusinung'unike, tuzungumze

Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, na usharika wa mjini ni kabati lililojaa vyombo. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kwa mfano, lilizaliwa mwaka 1963 kwa muungano wa makanisa saba. Kilimanjaro walifundishwa na wamisionari wa Leipzig, Nyanda za Juu Kusini na wale wa Berlin, Bukoba na wale wa Betheli. Leo watoto na wajukuu wao wanakaa benchi moja Dar es Salaam, kila mmoja na namna ya kuimba, kuchangia na kuaga marehemu aliyoizoea kwao.

Shida ni kwamba tofauti hizo mara nyingi hujadiliwa mahali pasipo na msaada: getini baada ya ibada, kwenye kundi la WhatsApp, au nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Baba analalamikia magitaa ya vijana. Mama anauliza kwa nini kamati imejaa watu wa kabila moja. Watoto wanasikiliza yote, na wanajifunza kwamba kanisa ni mahali pa kusengenywa, si pa kusema.

Kanisa la kwanza nalo lilinung'unika. Matendo ya Mitume, sura ya 6, inaeleza kuwa waumini waliosema Kiyunani walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaita wachochezi. Waliitisha mkutano, wakataka wachaguliwe watu saba wa kuisimamia kazi hiyo. Yasome majina ya hao saba, kuanzia Stefano na Filipo: yote ni ya Kiyunani. Walioumia walisikilizwa, kisha wakapewa nafasi ya kurekebisha.

Jumuiya zinazokutana nyumba kwa nyumba ndizo mahali pazuri pa kuanzia, ila zina kasoro moja. Kwa mila zetu mkubwa husema kwanza, na akishasema, mdogo hubaki kuitikia tu. Mwenyekiti mwenye busara huwaanza vijana. Halafu huweka sharti kwamba kabla ya kumjibu mwenzako, urudie alichosema mpaka akubali kuwa umemwelewa. Na neno "watu wanasema" halipokelewi. Kila mtu aseme lake.

Tuseme ubishi ni wa nyimbo. Wazee wanataka Tumwabudu Mungu Wetu, vijana wanataka pambio na kinanda. Wakiulizwa kwa upole wanachohofia, huenda mzee akasema anaogopa kuzikwa na watu wasiojua wimbo aliofundishwa na mama yake. Kijana naye atasema anaona aibu kumwalika rafiki yake kwenye ibada asiyoielewa. Hapo hakuna adui. Mzee anaweza kuwafundisha vijana nyimbo tatu, na vijana wakapewa sehemu yao katika ibada. Uamuzi uandikwe, litajwe jina la atakayeusimamia na siku ya kuleta majibu.

Kama ugomvi ni wa watu wawili, wakutane wawili kwanza, kama Injili ya Mathayo inavyoelekeza katika sura ya 18. Lakini si kila jambo ni la kusuluhishwa faragha. Mtoto aliyedhulumiwa au sadaka iliyoibwa ni mambo ya kufikishwa kwenye vyombo vya sheria. Kuyafunika kwa jina la amani ni kumwongezea jeraha aliyekwisha kuumizwa.

Kwa mengine yote, mazungumzo yanaanza na swali dogo. Wiki hii, kabla ya sala ya kufunga, mwenye kikao aulize: "Nani hajasema?" Kisha anyamaze na kusubiri, hata kama chai inapoa.