Tuliuzunguka Mlima Elgon Kabla ya Kujenga

Katika nyumba nyingi za watumishi wa serikali, safari ya mume na mke huwa ya namna mbili tu: kwenda mazikoni au kwenda harusini. Safari ya kuitazama nchi huhesabiwa kuwa anasa ya wageni wenye kamera. Nakusudia kuwaeleza wasomaji kwa nini mimi na mume wangu tulitumia siku nne na sehemu ya akiba yetu kuuzunguka Mlima Elgon kwa gari, tukapitia hifadhi mbili za taifa, moja ya Uganda na moja ya Kenya, na jinsi safari hiyo ilivyokata shauri ambalo maneno yalikuwa yameshindwa kulikata.

Jambo lenyewe lilikuwa nyumba. Mimi ni mzaliwa wa Tororo, nchi ya tambarare; mume wangu ni Mgisu wa Bududa, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha tangu tulipokutana katika chuo cha ualimu. Baba mkwe alikuwa amemkatia mwanawe kipande cha ardhi mlimani, juu kidogo ya nyumba yake mwenyewe, kati ya migomba na mibuni. Kwa desturi ya huko, mwanamume aliyekwisha kutahiriwa hana budi kuwa na nyumba katika ardhi ya baba yake, la sivyo huonekana mgeni kwao. Fedha tulizoziweka kwa miaka sita katika chama cha kuweka na kukopa zilikuwa zimetosha mabati na saruji, na mume wangu alitaka msingi uchimbwe kabla ya mvua. Mimi niliuogopa ule mteremko, wala sikuificha hofu yangu. Kila tulipozungumza, yeye alisikia kwamba nawadharau wazee wake. Nami nilisikia kwamba usingizi wa watoto wangu si kitu.

Hofu yangu haikuwa ya kubuni. Jioni ya tarehe 1 Machi, 2010, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka Nametsi, huko Bududa, ukafunika nyumba na zahanati pamoja na watu waliokuwamo. Inakadiriwa kuwa walikufa zaidi ya 300, na wengi hawakupatikana. Mwezi wa Oktoba 2018 matope na mawe yaliyoletwa na mto yaliua zaidi ya watu 40 upande wa Bukalasi. Tarehe 27 Novemba, 2024, ikawa zamu ya Bulambuli, ambako nyumba zipatazo 40 zilizikwa. Serikali imewahamisha baadhi ya wakazi, kwanza Kiryandongo baada ya msiba wa 2010, kisha Bunambutye tangu 2019. Hata hivyo wengi wamebaki, na wasidhaniwe kuwa wajinga. Udongo wa volkano ni mwema, kahawa ya arabika hustawi, maji ni baridi na safi, na makaburi ya wazee yapo hapo hapo.

Basi nilitoa shauri kwamba tusibishane tena mpaka tuuone mlima wote, mbele na nyuma. Mume wangu alikubali kwa sharti moja: nisitaje neno nyumba hadi turudi. Nililishika sharti hilo, ijapokuwa mara kadhaa nilijiuma ulimi.

Kwa faida ya watakaotaka kufuata njia hiyo, maandalizi yetu hayakuwa makubwa. Watoto tuliwaacha kwa dada yangu. Tulichukua vitambulisho vya taifa, maana raia wa Uganda na Kenya huvuka mpaka kwa hivyo; tena kadi ya gari, leseni, na kadi ya njano ya bima, ambayo hukatwa kabla ya kuondoka. Nilipika chapati, nikachemsha mayai, nikakaanga karanga na kujaza chai katika chupa mbili, kwa sababu chakula cha njiani ndicho kinachomaliza fedha. Sweta ni lazima: usiku wa mlimani hauna huruma.

Siku ya kwanza tulitoka Mbale tukapanda kwenda Sipi, ambako mto mmoja huanguka mara tatu, na anguko lililo refu kuliko yote lina mita zipatazo 100. Kutoka hapo tuliingia Kapkwai, ndani ya hifadhi yetu iliyotangazwa mwaka 1993. Mwongozaji wetu, kijana mpole, alituonyesha mbega weusi kwa weupe wakiruka juu ya miti, kisha akatufikisha penye mianzi. Mimi hupika malewa tangu niolewe: huyachemsha, humwaga maji, kisha huyaunga kwa karanga zilizosagwa. Lakini sikuwahi kuona chipukizi la mwanzi likiwa bado ardhini. Kijana alitueleza kwamba majirani wa hifadhi huruhusiwa kuyachuma kwa mapatano. Si haki, hata hivyo, kuusifu msitu bila kuwakumbuka Wabenet, walioondolewa humo na ambao wameidai ardhi yao kwa miaka mingi.

Tukiwa humo, mvua ilinyesha. Chini ya miti, matone yalikuja polepole, yakanywewa na majani yaliyooza, ambayo mguu huyakanyaga kama godoro. Tulipofika mpaka wa hifadhi, mashamba ya mahindi yalianzia hapo hapo, na mfereji wa maji ulikuwa mwekundu kama uji wa mtama. Hatua ishirini tu zilitenga maji meupe na maji mekundu. Mwongozaji alionya kwamba hata msitu huweza kuporomoka mvua ikizidi. Ila mizizi huushika udongo, na mwenye kuikata huufungua. Mume wangu aliinama, akachukua udongo, akaufinya mkononi, wala hakusema kitu.

Siku ya pili tulipita Kapchorwa na Bukwo hadi Suam. Mto wa Suam ndio mpaka, nao huteremka hadi Turkwel na hatimaye Ziwa Turkana, ilhali maji ya upande mwingine wa mlima ule ule huishia Ziwa Viktoria. Mpakani Kiswahili chetu kilitutosha kila dirisha. Ng'ambo, mlima huteremka kwa upole zaidi, mpaka kwenye mashamba mapana ya mahindi ya Trans Nzoia, na tukalala Kitale.

Siku ya tatu tuliingia hifadhi ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1968, kwa lango la Chorlim. Tulitaka kuliona pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani kutafuta chumvi. Huenda ndani kiasi cha mita 200, wakipapasa njia kwa mikonga, na hukwangua ukuta kwa pembe zao. Alama za pembe zimejaa mwambani. Sisi tulisimama mlangoni tu, kwa kuwa popo ni wengi, na mwaka 1980 na tena 1987 wageni waliokuwa wamelitembelea pango hilo waliugua homa ya Marburg, wakafa. Mume wangu alitazama zile alama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ndovu ana akili. Huja kuchukua chumvi yake, akaondoka. Halali humu." Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulikaribia neno nyumba. Mimi sikujibu.

Siku ya nne tulirudi kwa njia ya Kimilili na Chwele hadi mpaka wa Lwakhakha. Huko wanakaa Wabukusu, ambao lugha yao mume wangu huielewa kama ya kwao, na mila ya tohara ni moja. Kisha tukakata kona kwenda Bududa.

Alinipeleka kwenye kile kipande cha ardhi, akakikagua kana kwamba si chake. Jirani alikuwa ameuchimba ukingo wa mlima ili apate uwanja, na ukuta wa udongo umesimama wima bila mti wowote. Mti mmoja wa kivuli ulikuwa umeinama kuelekea bondeni. Juu yake palikuwa na ufa mwembamba uliopita katikati ya mibuni. Mume wangu aliingiza vidole vyake, vikazama. Hizi ndizo dalili ambazo wataalamu hutufundisha: ufa, mti ulioinama, chemchemi mpya au chemchemi iliyochafuka ghafla. Alinyanyuka akasema, "Mama watoto, hapa tutalima. Kulala, tutalala pengine."

Lililobaki lilikuwa kumweleza mzee. Kwa heshima ya huko, mke hakai uso kwa uso na baba mkwe wake, kwa hiyo nilikaa jikoni na mama mkwe, tukikoroga malewa, huku tukisikiliza. Mume wangu alizungumza kwa unyenyekevu. Alieleza kwamba ardhi haikatai, ataipanda miti yenye mizizi mirefu, na kahawa ataitunza. Tena akawaomba wazazi washuke kukaa nasi katika miezi ya mvua kubwa. Mzee alikaa kimya, kisha akasema, "Nenda ukajenge. Lakini makaburi haya nani atakaa nayo?" Mama mkwe aliacha kukoroga.

Tumejenga vyumba vitatu mahali pa tambarare, karibu na Mbale. Miti imeshika. Mvua zilizopita, mama mkwe alishuka na furushi la nguo, akakaa nasi wiki tano. Baba mkwe hakushuka. Kila asubuhi mume wangu alimpigia simu kabla ya kunywa chai, na mpaka sauti ya mzee isikike, hakuna aliyegusa kikombe.

Wenzangu mlio na jambo zito kati yenu, nawashauri mlipeleke barabarani. Mke na mume wanaotazamana mezani huona nyuso zilizokunjamana. Wakikaa bega kwa bega garini, wote wawili hutazama kitu kimoja. Nanyi mnaotaka kujenga mlimani, ukagueni mteremko wakati wa mvua, na muulizeni afisa wa mazingira wa wilaya yenu kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Sisi bado tuna la kumwomba mzee. Chumba chake tumekipaka chokaa, na kitanda kimetandikwa.