Fimbo ya mita tisa, uzito wa nusu mkate

Wako watu nchini Japani wanaotoa zaidi ya robo milioni ya shilingi zetu kununua fimbo moja ya kuvulia samaki. Na samaki mwenyewe anayetafutwa kwa fimbo hiyo ni nadra kuzidi shibiri moja kwa urefu. Fedha hizo zingemnunulia kijana wa Nairobi pikipiki ya bodaboda, na chenji ikabaki ya mafuta.

Kabla hujakata kauli kwamba hao ni watu waliokosa la kufanya na mali yao, hebu msomaji tufuatane hadi mahali fimbo hizo zinakotumika.

Safari yetu inaanzia Nagoya, mji mkubwa wa viwanda ulio jirani na makao ya kampuni ya Toyota, ambayo magari yake yamejaa katika barabara zetu. Hapo unapanda gari moshi hadi Mino-Ota, kisha unabadilisha na kuingia katika gari dogo la reli ya Nagaragawa. Mara nyingi gari hilo huwa na behewa moja tu. Wanafunzi, akina nyanya wenye vikapu na watalii wachache hukaa bega kwa bega huku gari likijipenyeza bondeni, mara mto uko kulia, mara uko kushoto. Mto huo ndio Nagara, wenye urefu wa kilomita 166 kutoka milima ya mkoa wa Gifu hadi Ghuba ya Ise. Maji yake ni maangavu kiasi kwamba ukiwa dirishani unaweza kuyaona mawe yaliyo chini.

Unateremka Gujo Hachiman. Huu ni mji mdogo wa nyumba za mbao zilizosongamana chini ya ngome nyeupe, mahali ambapo mto Yoshida unaingia Nagara. Ngome hiyo ilijengwa upya kwa mbao mwaka 1933. Lakini kitu kinachomshangaza mgeni hapa ni maji. Yanapita kila mahali, katika mifereji ya mawe kando ya vichochoro, na mjini kuna chemchemi maarufu iitwayo Sogisui. Wenyeji wana birika za ngazi ngazi. Maji ya birika ya juu ni ya kunywa, yanayofuata ni ya kuoshea mboga na matunda, na ya chini ni ya kuoshea vyombo. Punje za wali zinazobaki huliwa na samaki wanaofugwa mle mferejini, kisha maji yanaendelea kwenda mtoni. Wakati wa joto watoto wa mji hujirusha mtoni kutoka juu ya daraja lenye urefu wa mita 12 hivi. Ukiwa mzazi ni afadhali uangalie pengine.

Ukifika mwezi wa Juni, Julai au Agosti, utawaona wenye fimbo. Wamesimama katikati ya mkondo, maji yakiwafika mapajani, wamevaa suruali za kubana na viatu vya soli nene ya sufu ili wasiteleze juu ya mawe. Kila mmoja amenyoosha mbele yake fimbo ndefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Hawarushi kitu wala hawavuti kitu. Mtu asiyejua angedhani wanapima mto.

Wanachokitafuta ni samaki aitwaye ayu. Maisha yake ni mafupi; kwa kawaida huishi mwaka mmoja tu. Huanguliwa majira ya vuli sehemu za chini za mto, akachukuliwa na maji hadi baharini angali mdogo kama uzi, akakaa huko wakati wa baridi, kisha majira ya kuchipua akaupanda mto. Akifika juu huacha kula wadudu na kuanza kukwangua utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe. Kwa sababu ya chakula hicho nyama yake ina harufu nzuri ambayo wengi huifananisha na tango au tikiti maji. Wajapani humwita pia samaki wa manukato.

Sasa hapa pana tatizo la mvuvi. Samaki anayekula utelezi wa mawe utamvuaje kwa ndoana? Nyungunyungu hamtaki, na utelezi hautungiki ndoanani. Jibu lilipatikana katika tabia yake. Ayu aliyepata jiwe zuri hulilinda kwa ukali. Eneo lake halizidi sana meta moja kila upande, lakini mwenzake akithubutu kuingia humfukuza kwa kumgonga ubavuni kwa nguvu zote. Basi mvuvi humchukua ayu aliye hai, akamtia kipini kidogo puani, akamfunga mshipi, na nyuma ya mkia wake akaning'iniza ndoana tatu au nne zilizofungwa pamoja kama nanga, zisizo na chambo chochote. Kisha humwachilia aogelee hadi kwenye jiwe la mwenyewe. Mwenye jiwe huja mbio kumshambulia mgeni, na hapo hunasa. Mbinu hii imetumika tangu enzi za watawala wa Edo, na wengi huutaja mto Kano, katika rasi ya Izu, kuwa ndiko ilikoanzia.

Samaki aliyenaswa hatumiki kama kitoweo mara moja. Huvikwa kipini yeye, naye yule wa kwanza akapumzishwa ndani ya kijisanduku kinachoelea na kuvutwa kwa kamba kutoka kiunoni mwa mvuvi. Kwa hiyo siku ya uvuvi ni mnyororo. Ukiwa na samaki mwenye nguvu, anakuletea mwenye nguvu mwingine. Ukiwa na aliyechoka, unaweza kusimama mtoni hadi jioni, jirani yako akijaza kijisanduku chake.

Hapo ndipo uzito wa fimbo unapoingia. Ayu wa kutegea ni samaki mdogo, naye lazima aogelee kana kwamba hakuna mtu aliyemshika. Akivutwa kidogo tu kuliko ipasavyo, anainuliwa kutoka chini na kuchoka. Akiachiwa mno, anajificha nyuma ya jiwe. Mvuvi humwongoza kwa kusogeza ncha ya fimbo vidole viwili huku au kule, na habari zote za chini ya maji humfikia kupitia mkono: sasa anatetemeka, ameona mwenye jiwe, sasa amesimama, sasa amegongwa. Mshipi wenyewe ni wa nyuzi za madini, mwembamba kuliko unywele. Hakuna gurudumu la kukunjia mshipi; umefungwa moja kwa moja kwenye ncha ya fimbo.

Fimbo za daraja la juu za kazi hii zina urefu wa mita tisa na uzito wa gramu 200 hivi. Chukua mkate wetu wa kawaida wa gramu 400, ukate katikati, kisha unyooshe hiyo nusu hadi ifike paa la ghorofa ya pili. Huo ndio uzito anaoshika mtu huyu, kutwa nzima, bila kuutua. Hata hivyo fimbo haina ruhusa ya kuwa dhaifu. Samaki akinasa, mvuvi huwainua wote wawili kutoka majini kwa mpigo mmoja, mtegaji na mtegwa, wakaruka hewani kumjia, naye akawadaka kwa wavu wa mkono aliokuwa ameuchomeka kiunoni. Ni tendo la sekunde chache. Mgeni akiliona mara ya kwanza hupiga makofi bila kukusudia.

Zamani fimbo hizi zilikuwa za mianzi, na mizito. Mianzi ilichaguliwa msituni, ikakaushwa, ikanyooshwa kwa moto na kuunganishwa vipande. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja za nyuzi za kioo. Wakati huohuo, mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu mmoja wa maabara ya serikali mjini Osaka, Akio Shindo, alikuwa amegundua njia ya kutengeneza nyuzi imara za kaboni kwa kuchoma nyuzi za aina inayotumiwa katika nguo. Kampuni ya Toray ilianza kuziuza mwaka 1971. Wenye ndege walikuwa bado wanasitasita. Walioamini mapema ni watengeneza fimbo: mwaka 1972 kampuni ya Olympic ilitoa fimbo ya kaboni ya kuvulia ayu, na vijiti vya gofu vikafuata. Ndege aina ya Boeing 787, ambayo Kenya Airways ilipokea ya kwanza mwaka 2014, kiwiliwili chake kimetengenezwa kwa nyuzi za kaboni za Toray hiyohiyo. Ukisafiri nayo kumbuka kwamba ndugu mkubwa wa mwili wake ni fimbo ya mvuvi.

Tangu hapo kampuni za Daiwa, Shimano na Gamakatsu zimekuwa zikishindana kupunguza gramu. Fimbo mpya zikitoka, wapenzi wa mchezo huzijadili kama vijana wetu wanavyojadili mpira. Huyu husifu ncha, yule husifu jinsi fimbo inavyojirudi baada ya kupinda. Kuta za fimbo hizi ni nyembamba sana, na jiwe moja tu likiigonga ufa unaweza kuingia. Mtu anayeteleza mtoni na fimbo ya yen laki tatu na ushei mkononi hulazimika kuamua haraka kama ataokoa goti au fimbo. Wengi, nasikia, huokoa fimbo.

Kuna hatari nyingine ambayo si ya kuchekesha. Kaboni hupitisha umeme. Fimbo ya mita tisa ikigusa waya wa umeme uliopita juu ya mto, aliyeishika anaweza kufa papo hapo. Ndiyo sababu fimbo hizi huandikwa onyo, na ngurumo ikisikika mbali mvuvi mwenye akili huikunja na kuondoka.

Je, bei hiyo ni halali? Kwa maoni yangu fimbo ya theluthi ya bei hiyo humvulia mtu samaki bila shida, na gramu chache za mwisho ndizo zenye kugharimu zaidi kuliko faida yake. Lakini kwa mzee wa miaka sabini ambaye bega lake haliwezi tena fimbo ya ujana wake, gramu hizo ni tofauti ya kwenda mtoni na kubaki nyumbani. Na wazee ndio wengi katika mchezo huu. Vijana wa Japani hawaingii kwa wingi, na bei hizi haziwavuti.

Jambo linalowaumiza zaidi wenye fimbo, hata hivyo, ni mto wenyewe. Nagara ulikuwa mmoja wa mito mikubwa michache ya Japani ambayo mkondo wake mkuu haukuwa na bwawa. Serikali ikajenga ukuta wenye milango karibu na bahari ili kuzuia maji ya chumvi yasipande na kupata maji ya viwanda na miji. Wavuvi na waendesha mitumbwi walipinga kwa miaka. Milango ilifungwa Julai 1995. Kando yake imewekwa njia ya samaki kupandia, lakini vitoto vya ayu vinavyoteremka vuli vina siku chache tu za kuishi bila chakula cha baharini, na maji yaliyotulia nyuma ya ukuta huwachelewesha.

Ukuta huo si chanzo pekee. Ugonjwa wa maji baridi ulienea katika mito mingi miaka ya 1990, na ndege aina ya mnandi wameongezeka. Katika Japani nzima ayu waliovuliwa mitoni mwaka 1991 walikuwa karibu tani 18,000. Miaka ya karibuni imekuwa ni tani elfu mbili na kitu. Mwaka 2015 mji wa Gifu, ulio chini kidogo ya Gujo, uliwatia ayu wa asili wa Nagara katika orodha ya viumbe vinavyokaribia hatari ya kutoweka. Desemba ya mwaka huohuo, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likautangaza uvuvi wa ayu wa Nagara kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Msomaji utaamua mwenyewe ni tangazo lipi lilimjua samaki zaidi.

Atakayebahatika kufika, kwa masomo au matembezi, asihofu kwamba hana fimbo. Mtoni huvui bila kibali cha chama cha ushirika cha wavuvi, na fedha za vibali husaidia kununua vifaranga vya kuongeza mtoni. Ayu wa kutegea huuzwa madukani kando ya maji, wakiwa hai. Asiyetaka kulowa anaweza kwenda Gifu kati ya Mei 11 na Oktoba 15 kuwatazama wavuvi wanaotumia mnandi waliofungwa kamba, usiku, kwa mwanga wa moto. Na usiku wa Agosti 13 hadi 16, Gujo haulali kabisa. Wenyeji na wageni hucheza ngoma barabarani hadi alfajiri. Vibandani ayu huchomwa wakiwa wametungwa vijiti kama mishikaki, na chumvi tu. Huliwa na matumbo yake, ambayo yana uchungu kidogo. Huo uchungu ndio unaopendwa.

Kuanzia Februari, katika njia ya samaki iliyo kwenye ule ukuta wa baharini, ayu wadogo wanaopanda huhesabiwa na hesabu hutangazwa. Wenye fimbo huko juu huisubiri kabla ya msimu wa Juni.