Lindo la Kitandani

Bodaboda ilizaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960, ikiwa baiskeli ya kuvusha abiria kati ya Kenya na Uganda. Leo ni pikipiki. Na mwendeshaji akivunjika uti wa mgongo, hurudishwa nyumbani, Busia au Tororo, miguu haina hisi. Mkewe humtandikia vema, huwatoa watoto nje, husema: “Mwacheni apumzike.” Ni maneno ya huruma, lakini hapo ndipo adui anapoingilia.

Mwenye afya hujigeuza hata usingizini; asiyehisi maumivu hageuki. Uzito wake huikandamiza ngozi juu ya mifupa ya matako, nyonga na visigino, damu isipite, na nyama hufa kimya kimya. Hatari huzidi kwa wazee, waliokonda, wenye kisukari na wanaolala katika mkojo. Kumburura juu ya shuka nako huichubua ngozi.

Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu upesi. Basi mkono na upapase. Penye joto, ugumu au weusi uliozidi, asilalie tena, wala pasisuguliwe. Kidonda kikifunguka, apelekwe hospitali.

Mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana, akaushwe, apewe maharagwe, mayai au dagaa. Mke hawezi kukesha peke yake kila siku. Ndugu wagawane saa. Na askari aliye likizoni, ajuaye maana ya zamu, ashike ile ya usiku wa manane.