Sijagoma, Nimesusa!

Kuna binti mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni), kiitikio chake kilishaanza kuimbwa mpaka kwenye bajaji kabla hata video haijatoka. Siku ya kushuti, Kigamboni, wenzake wakafika saa 12 asubuhi. Yeye hakutokea. Simu inaita tu. Mchana mmoja wao akaandika kwenye grupu la WhatsApp, "Huyu kagoma." Hapo ndipo akajibu: "Sijagoma. Nimesusa."

Watu wakacheka, kumbe mwenzao kasema kweli tupu. Anayegoma anasema anataka nini. Madereva wa daladala wakigoma, jua halijawa kali kila mtu ameshajua kama ni faini au ni nauli. Anayesusa hasemi. Anasukuma sahani pembeni, anageukia ukutani, halafu anasubiri aulizwe kwa upole, "Mwenzetu una nini?" Kususa kunataka mtu wa kubembeleza. Ndiyo maana mtoto hasusi kwa jirani, anasusa kwa mama yake. Kwenye siasa neno lenyewe limevaa suti likawa kususia, kama CUF walivyosusia uchaguzi wa marudio Zanzibar Machi 2016, ila wale angalau sababu walitangaza.

Binti kilichomuuma ni hela. Shoo mbili za nyuma aliambulia nauli, wenzake wakagawana. Haki yake kabisa hiyo! Lakini hakuwahi kuitamka. Alidhani meneja, ambaye anamuita kaka, angejiongeza mwenyewe.

Kaka hakujiongeza. Saa 9 alasiri akatafutwa dada mwingine, akavalishwa gauni lile lile, akaelekezwa namna ya kuchezesha mdomo kwenye kiitikio. Ukisusa wenzio twala, kanga zilishasema zamani.

Video ilipotoka aliiangalia kwa mama yake mdogo, Mbagala. Sauti yake, sura ya mtu mwingine. Akairudisha mwanzo mara tatu, chozi linamlenga.

"Mwanangu, hiyo hela uliwahi kuwadai?"

Kimya.

"Sasa walijuaje?"

Usiku akaandika meseji ndefu kwa meneja: shoo gani, tarehe ngapi, shilingi ngapi. Akamalizia, "Shikamoo kaka. Jumamosi sipandi jukwaani mpaka nilipwe."

Tiki zimeshakuwa za bluu. Jibu bado.